Leso Iliyobaki Jeddah

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Fridah Mwikali, binti wa Mwingi, mfanyakazi wa nyumbani, aliyefia Jeddah nchini Saudi Arabia. Hakufa kwa ugonjwa. Alipigwa. Nalisema mapema ili asiwepo wa kuniuliza baadaye.

Mwikali alianzia Riyadh, mtaa wa Olaya, kwa watu wenye mtoto mchanga aitwaye Nura. Siku aliyotua, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ambaye nyumbani humo waliitwa wamwite baba, alimpokonya pasipoti akaifungia kabatini. Nura naye alikuwa mlizi, usiku na mchana. Mwikali akamfunga mgongoni kwa leso, kama alivyobebwa yeye na mama yake. Mtoto akanyamaza. Madam, mke wa kafili, alipoona, alimtwanga mdomoni kwa kisigino cha kiatu, jino la mbele likang'oka. Kesho yake mtoto alipolia tena, madam huyohuyo akamrushia leso. "Yalla, haya, mfunge."

Kiangazi kilipofika, familia ikaenda Uingereza, na Mwikali akachukuliwa. Jioni moja wakatembelea mji mdogo wa kale, wenye nyumba za mawe na kanisa lenye mnara. Jina la mji huo Mwikali hakulishika. Wenyewe walitembea mbele wakipiga picha. Yeye alikuwa nyuma, Nura mgongoni, mikoba yote begani. Walipoingia hotelini kula, akaamriwa asubiri nje, kando ya ukuta wa kanisa.

Nura akachafua nepi. Mwikali akafungua mkoba wa mtoto. Chini ya nepi zilikuwa pasipoti za familia nzima, na yake pia. Narudia, wasikilizaji: pasipoti yake, ambayo hakuwa ameishika tangu uwanja wa ndege wa Riyadh, ilikuwa begani mwake jioni yote.

Alimbadilisha mtoto, akamfunga tena, akabaki ameishika pasipoti ile. Mama mmoja mzee wa Kizungu alitoka kanisani. Akaliona pengo la jino na jicho lililovimba kwa kipigo kingine, akamuuliza kama yuko salama. Mwikali alijibu kwamba yuko sawa.

Wengi mtakasirika. Hata mimi nilikasirika. Lakini dada yake Pauline, anayefanya kazi Al-Baghdadiyah, Jeddah, aliwahi kumuuliza kwa simu mbona hakumfuata mama yule. Haya ndiyo aliyojibiwa: "Pau, ningeenda aje na mtoto wa watu mgongoni? Wangesema nimemuiba. Na kumwachia mtu simjui, siwezi. Nilisema nimrudishe kwanza kwa mamake, halafu niende."

Amrudishe kwanza. Hilo tu ndilo lililomchelewesha.

Madam alitoka akamkuta na pasipoti mkononi. Alimburuta kwa nywele hadi nyuma ya ukuta, na baba akaja akamalizia kwa ngumi. Mtu akipigwa hugeuza mgongo. Mwikali hakuweza kugeuza mgongo, kwa sababu mgongoni alikuwa amelala Nura. Ngumi zote alizipokea usoni, damu ikamtiririka hadi kwenye fundo la leso. Pasipoti ikarudi mfukoni mwa baba.

Baadaye familia ilihamia Jeddah, ghorofa moja mtaa wa Ruwais. Huko kipigo kilizidi, maana sasa alihesabiwa kuwa mtoro. Alasiri moja sahani ilivunjika. Baba alimshika shingo, akambamiza ukutani, kisha akamsukuma ngazini na mtoto akiwa mgongoni. Mlinzi wa jengo aliona kwa macho yake. Alimweleza Pauline kwamba Mwikali alishikilia leso kwa mikono miwili badala ya kushika ukingo wa ngazi. Alianguka kifudifudi, uso ukapasuka kwenye marumaru. Hakuinuka. Nura hakupata hata mkwaruzo.

Pauline alipokwenda kuchukua vitu vya marehemu alipewa nguo, viatu na ile pasipoti. Leso haikuwemo. Akaidai. Madam alimjibu mlangoni bila kumtazama kwamba mtoto halali bila hiyo.

Pauline akampigia simu mama yao, Mama Jael. Alitaka kuingia kwa nguvu. Mama akasema: "Mwachie mtoto. Lakini akikua, mtu amwambie ilikuwa ya nani."

Mama Jael, Pauline, na ukoo wote wa Mwingi, poleni sana. Tunalia nanyi, na hasira tunayo pamoja nanyi. Baba yule bado hajashtakiwa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, ukimwona mtu ana jeraha akakwambia yuko sawa, usiondoke. Simama naye. Muulize tena. Tazama pia amebeba nini mgongoni, kisha unyooshe mikono umpokee.