Jina Nililoliruka

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Mowlid izime hiyo redio. Ninasema Kiswahili ili rafiki yangu Mwalimu Justus, tuliyefundisha naye hapa Garissa miaka kumi na minane, aandike bila kukosa neno, maana Kisomali chake bado ni cha kununulia maziwa. Cheka, Justus, lakini andika.

Mali yangu mnaijua: nyumba hii ya mtaa wa Galbet, mbuzi walioko kwa mjomba wenu Yarow kule Tarbaj, na ngamia nisiowataja idadi. Mungu amekwisha kuyagawa mafungu katika sharia, wala mimi si mjuzi kuliko Yeye. Nililowaitia ni hili: fungu la Anab apewe Anab mkononi. Mowlid, nilikusikia ukimwambia dadako Khadra, "La huyu nitalishika mimi, atawapeleka wapi mbuzi na miguu ile?" Sikukasirika, mwanangu. Ulijifunza kwangu.

Sikilizeni nilivyokufundisha. Mwaka wa tisini na nne walikuja watu wa shirika la msaada wakitafiti afya nyumba kwa nyumba, nami nikawatafsiria wakati wa likizo. Swali lao lilikuwa, "Kuna mlemavu hapa?" Mnajua kwetu mtu hahesabu watoto mbele ya mgeni, jicho baya lisije likawapata, sembuse kumtaja mwenye kilema. Siku nne, nyumba sitini na mbili, hakupatikana hata mmoja. Tulipofika kwangu nilijiuliza na kujijibu mwenyewe: hakuna. Na Anab, aliyenyauka miguu kwa homa akiwa na miaka mitatu, alikuwa nyuma ya pazia, hatua tano tu. Mimi niliyeita majina ya watoto wa wenzangu darasani kila asubuhi, nililiruka la mwanangu.

Lakini Loise, binti wa Meru aliyewaongoza, aliitazama ile karatasi tupu akasema, "Mwalimu, mji usio na mlemavu hata mmoja sijauona. Swali letu ndilo lenye kilema." Akalibadilisha, tukarudi nyumba zile zile tukiuliza, "Ni nani hapa asiyeweza kwenda kisimani na wenzake?" Kabla sijafungua kinywa, mama yenu Muslimo, Mungu amrehemu, alipaza sauti nyuma ya pazia: "Yuko! Ana miaka tisa, nambeba mimi, na mgongo umenichoka! Mwandikeni, na huyo mtafsiri wenu mwandikeni pia, maana haoni!"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe ndio ulikuwa mwanzo wa kupona kwangu. Nyumba ishirini na moja zilijibu, "Yuko."

Kwanza walileta baiskeli ya magurudumu matatu, ikazama mchangani siku hiyo hiyo, majirani wakacheka. Loise hakubishana na mchanga. Aliketi chini na Anab, akamwuliza njia yake yote, mpaka choo cha shule. Wakaleta magurudumu mapana, mlango wa choo ukapanuliwa, na mhudumu wa afya akawa anakuja kila Jumanne kumnyoosha miguu. Watoto kumi na mmoja waliingia shule kwa yale maswali. Leo, miaka mitano baadaye, Anab yuko darasa la tano, na ndiye anisomeaye maandishi ya dawa zangu.

Basi, Mowlid, usimshikie, mwulize. Anajua zaidi yako ni mbuzi yupi wa kuuza na yupi wa kukama. Wazee wetu husema kidole kimoja hakioshi uso, lakini hata kile kidogo kina kazi yake. Khadra, mlango wa nyumba hii usiwekwe kizingiti tena, hata mafundi wakisema nini. Na wewe Anab, ulinisamehe ukiwa mdogo, hujui unachosamehe. Nisamehe leo ukijua.

Unaitikia kwa kichwa? Ahsante, aabo, binti wa baba. Umenitua mzigo.

Nipeni maji... Inatosha. Mungu awanyeshee mvua isiyobomoa, awape maziwa na maelewano. Msigombane juu ya kaburi langu... lifukieni mapema, jua lisiwachome watu.

Justus, umefika wapi? Sogea, sauti inakwisha. Andika idadi. Mama yenu alitaka niitamke, nami nikaogopa jicho... siliogopi tena. Watoto wangu ni watatu.

Anza na Anab.