Mama Emilienne Ngoy, Aliyemungoja Pitchou

Padri wetu, wamama wa shirika, majirani wa hapa katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala na ninyi muliotembea kutoka Kafutuma na mvua hii, mimi ni Dédé Ngoy, mudogo wake Mama Emilienne tunayemuzika leo Alhamisi, tarehe 11 Desemba 2025, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa sababu kwa baba na mama nimebaki mimi peke yangu, wala si kwa sababu ninajua kusema.

Mama Emilienne alizaliwa Pweto, Kongo, tarehe 14 Machi 1964, akabatizwa mwaka uleule, akaanza shule ya msingi kwa masista mwaka 1970, akaimaliza mwaka 1976 akiwa wa pili katika darasa, jambo ambalo hakuchoka kutukumbusha, na alitamani sana kuendelea, lakini baba aliamua kwamba atakayeendelea ni mutoto mwanaume, na huyo mutoto mwanaume nilikuwa mimi, nami nilifukuzwa sekondari mwaka wa pili kwa uvivu. Tangu mwaka 1981 alifanya biashara ya samaki, akinunua kwa wavuvi wa Kilwa, pembeni ya ziwa Mweru, akikausha kwa moshi, akipanda lori hadi Lubumbashi juu ya magunia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi hata siku ya arusi yake, tarehe 6 Agosti 1983, alipofunga ndoa na Didier Kasongo, fundi wa baiskeli. Mungu aliwapa watoto watano, watatu wakazikwa wangali wadogo, wakabaki Débora, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye munamuona hapa mbele, na Pitchou, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1992, na Didier mwenyewe alitutoka tarehe 19 Oktoba 2009.

Mwezi wa tisa mwaka 2017 vita ilifika kwetu, tukakimbilia ziwa Mweru na vile tulivyovaa, na hapa nitasoma polepole, kwa sababu wengi wenu hamulijui jambo hili. Bwato lilikuwa limebaki na nafasi moja, Pitchou alikuwa amekwisha kuweka muguu ndani, lakini aliponiona mimi na goti langu lililovimba, alishuka, akasema, "Mujomba, panda weye, miye nitakuya na bwato ya pili," nami nikapanda, sikubishana naye hata kidogo, na bwato la pili hatukuliona mpaka leo. Yaya, dada yangu mukubwa huyu, aliuliza kila muchuuzi wa samaki aliyevuka ziwa, mumoja akasema alimuona Moba, mwingine Lubumbashi, wengine hawakuona mutu, na hakuna hata mumoja aliyesema amekufa, na hilo ndilo lililotutesa.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma mane ya kungoja Noeli, mwaka huo, tarehe 3 Desemba, tulikuwa kambi ya Kenani, ng'ambo ya ziwa, chini ya hema, hatukuwa na mishumaa mine, mumoja kwa kila juma, Mama Emilienne akachukua mushumaa mumoja, akaukata kwa kisu vipande vine, akavisimamisha juu ya sahani yenye majani, na kipande cha kwanza kilipowashwa alitaja kwa sauti jina la Pitchou, akiomba afike kabla ya Noeli. Hakufika. Mwaka uliofuata aliomba vilevile hapa Mantapala, na mwingine, na mimi katika majuma hayo mane sikukanyaga kanisa, nilikuwa ninasema nina kazi shambani, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kulisikia jina lile mbele ya watu.

Mwaka 2018 tulipewa mashamba, na yaya alikataa kupanda mihogo, akapanda mahindi na maharage tu, kwa sababu mihogo inadai mwaka na nusu au miwili chini ya udongo, na yeye alisema kwamba mwenye kupanda mihogo amekwisha kukubali kubaki, na akikubali kubaki amemuacha mutoto. Misimu miwili ikapita hivyo, chakula cha musaada kikapunguzwa, njaa ikaingia nyumbani kila mwezi wa pili, nikamukasirikia, nikamuita kichwa ngumu mbele ya watoto wa Débora, na ninaomba musamaha kwa hayo leo, nimechelewa. Aliyemugeuza hakuwa mimi wala padri, alikuwa Mama Mutale, mwenyeji wa Kafutuma, aliyekuja katika Majilio ya mwaka 2020 na fungu la miti ya mihogo kichwani, akasema kwa Kibemba, Débora akatafsiri, kwamba mutoto atakayetoka mbali namna hiyo atafika na njaa, je, utamupa nini? Yaya akachukua jembe, akapanda mpaka jioni, na tangu hapo kila Majilio alipanda, na kila alipovuna aliwapelekea waliofika wapya kutoka Kongo, akisema kwamba hawa nao kuna mama anawangoja mahali.

Ugonjwa wa moyo ulimushika mwezi wa sita mwaka huu, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitali ya Kafutuma, kisha ya Nchelenge, na Jumamosi tarehe 6 Desemba aliniita kitandani, akanituma niende kanisani kesho yake nikataje jina la Pitchou kwa niaba yake. Nilienda. Nilisimama pale mushumaa wa pili ukiwaka, nikaanza kulitaja, nikafika nusu, Débora akamalizia, na niliporudi kumueleza nikilia, yeye aliuliza tu kama mihogo imepaliliwa. Alikata roho Jumanne tarehe 9 Desemba, saa kumi na moja ya asubuhi, akiwa na miaka 61, na mutoto hajafika.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Kafutuma na wa Nchelenge, inamushukuru padri na katekista, wamama wa shirika waliomuosha na kumuvalisha, majirani waliochimba kaburi katika matope, wachuuzi wenzake wa samaki, na Mama Mutale, ambaye hana deni lolote kwetu na alitupenda bure. Kuna mumoja bado ambaye sijamushukuru, miaka minane, kwa sababu kumushukuru kungekuwa kukubali kwamba sitamuona tena, na hata leo sijui kama yuko hai. Yaya Emilienne, pumzika kwa amani, na kama utamukuta Pitchou huko unakokwenda, umuambie mujomba wake anasema asante, na kama hayuko huko, mimi nitabaki hapa kumungoja.