Fransisko Kobelo, Mtani Aliyenyamaza Miaka Mitano

Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2024, Mzee Fransisko Kobelo, kiongozi wa kikosi chetu cha kuzima moto wa misitu katika milima ya Uluguru, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mwenyewe ameomba wasifu huu usiwe wake peke yake. Ameomba uwe pia wa Luqmani Kapaya na Tumaini Mbena, waliofariki kazini Agosti 2019, ambao hawakujaliwa siku kama hii ya kuagwa.

Mzee Kobelo alizaliwa Kinole, katika familia ya wakulima wa mananasi na mdalasini. Alianza kazi kama kibarua wa kitalu cha miche, akawa mlinzi wa msitu, kisha akakabidhiwa kikosi. Wanaomfahamu wa siku nyingi bado wanasimulia ofisi ilipompa pikipiki mpya. Aliondoka nayo Morogoro mjini asubuhi, amenyooka kama bwana harusi. Jioni wote wawili walirudi juu ya lori la mananasi, pikipiki ikiwa imelala na yeye ameishika usukani.

Aliyekuwa wa kwanza kumcheka ni Luqmani, Mnyamwezi wa Urambo, aliyehamishiwa kwetu mwaka 2003 kuwa msaidizi wake. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili hawakupoteza muda. Asubuhi yake ya kwanza kambini Luqmani alishika kikombe cha chai, akatazama mteremko kushoto na kulia, akauliza, "Wewe Mluguru, kwenu hakuna mahali palipo sawa hata pa kuweka kikombe?"

"Kiweke kichwani, Mnyamwezi," Kobelo akamjibu. "Si ndiko mnakobebea kila kitu?"

Utani huo ulikuwa nyenzo ya kazi. Wakulima wa Kinole na Mkuyuni walikuwa wakichoma mashamba kila mtu kwa wakati wake, na moto ukipanda msituni bila mwenyewe. Mikutano ya kuwaelimisha ilikosa watu mpaka hao wawili walipoanza kuiendesha pamoja. Watu walikuja kuwasikia wakitukanana, wakaondoka wamekubaliana siku ya kuchoma, jirani akisimama na jirani, matawi mabichi ya kupigia moto mkononi. Kwa miaka kadhaa milima yetu ilipumua.

Yanayofuata yameandikwa kwa ridhaa ya Mzee Kobelo na ya Mama Mwanahawa, mjane wa Luqmani. Wote wawili walisomewa kwanza.

Siku ile ya Agosti moto ulitoka shambani ukashika nyasi za mteremko. Luqmani alikuwa chini, kwenye korongo, akifyeka nyasi kuukatia moto njia. Alikuwa na Tumaini, kijana wa Kinole aliyejitolea. Mzee Kobelo alikuwa juu, ukingoni, na wengine. Asubuhi nzima watani hao walikuwa wakichokozana kwenye redio ya upepo. Luqmani alikwisha kutangaza mara mbili kwamba moto umefika kwenye ndizi za Mluguru, na haukuwa umefika popote. Kwa hiyo aliposema, "Mluguru, mlima wenu umegeuka, unanijia mimi," Kobelo alijibu, "Mnyamwezi akichoka hakosi sababu. Fyeka!" Waliokuwa karibu naye wakacheka.

Redio ikaita tena. Safari hii Luqmani alisema neno moja tu: "Fransisko."

Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kumwita kwa jina. Mzee Kobelo alianza kukimbia kabla redio haijanyamaza, lakini upepo ulikuwa umemtangulia. Luqmani angeweza kutoka, kwa kuwa alikuwa karibu na mdomo wa korongo. Alirudi chini kwa sababu Tumaini alikuwa ameumia mguu. Walikutwa pamoja, Tumaini akiwa amefunikwa koti la Luqmani.

Waliochunguza tukio walisema kwamba hata wangeitikia wito wa kwanza wasingewahi. Mzee Kobelo aliwasikiliza, akashukuru, akaondoka.

Mazikoni, mtani ana kazi yake: huvaa nguo ya marehemu, humwigiza mwendo na sauti, ili waliofiwa wapate kupumua. Watu walimpisha Mzee Kobelo apite mbele. Alisimama pale na kofia ya Luqmani mkononi, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akairudisha kofia kwa Mama Mwanahawa. Tangu siku hiyo hakutania tena. Vijana waliojiunga na kikosi baadaye walimjua kama mzee mkali, aliyekataza mzaha kwenye redio, na hakuna aliyewaeleza sababu. Kwa hilo tunajuta. Tulimwachia ukimya wake tukidhani ndiyo heshima.

Kila Agosti familia na kikosi hukutana pale korongoni. Mwaka huu, baada ya dua na sala, Mama Mwanahawa alisimama mbele ya Mzee Kobelo akiwa na ile kofia.

"Wewe Mluguru," alisema. "Nasikia unastaafu."

"Shemeji, nisamehe. Aliniita, nikacheka."

"Najua. Mimi nimeishi naye. Hata siku aliponiposa nilidhani ananitania, nikamfukuza." Watu hawakujua kama wacheke. "Lakini mizigo ni kazi yetu Wanyamwezi. Wewe nani alikuruhusu kubeba mzigo miaka mitano? Tua! Na mume wangu bado hajaagwa na mtani wake."

Akampa kofia.

Mzee Kobelo akaivaa upande, kama alivyozoea kuivaa Luqmani, akatoa kifua mbele, akaanza kuupanda mteremko kwa mwendo wa mtu wa tambarare. Akajikwaa. Akageuka na kuuliza kwa sauti ambayo sote tuliitambua, "Wewe Mluguru, kwenu hakuna mahali palipo sawa hata pa kuweka kikombe?"

Mama Mwanahawa alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, na pale kwenye nyasi akalia. Mama yake Tumaini akaenda kukaa naye. Mzee Kobelo alibaki amesimama, kofia kichwani, machozi yakimtoka, akicheka.

Luqmani Kapaya na Tumaini Mbena, tunawaaga leo, kwa kuchelewa, na kwa shukrani ambayo mlistahili kuisikia mkiwa hai. Mzee Kobelo, tunakushukuru kwa milima uliyotutunzia na kwa watu uliowarudisha nyumbani salama. Kofia umeachiwa, ila Mama Mwanahawa amesisitiza kwamba ni ya kuazima, na kwamba kila Agosti atakuja kuidai. Uwe tayari na jibu. Pumziko lako na liwe jepesi.