Ukungu wa Asubuhi Tatu

Ndugu zangu, mniwie radhi nikisimama mbele yenu na kibuyu mkononi. Bila hiki nisingekuwa na la kuwaambia leo hapa kanisani.

Mnajua sisi wa Ganako tulivyokuwa tukipanda. Ukungu ukishuka kutoka msitu wa kreta kule mlimani, ukalala shambani asubuhi tatu mfululizo, mvua iko njiani. Mama mkwe alinifundisha hivyo. Akanifundisha pia mbegu zote ziingie ardhini siku hiyohiyo, maana anayebakiza mbegu ndani hamwamini Mungu. Nami niliupenda ukungu ule. Nilisimama mlangoni na chai yangu, miguu ya ng'ombe haionekani, migongo tu inaelea, na uji unaungua jikoni. Mume wangu alisema ameoa mke wa mawinguni.

Mwaka ule ukungu ulikuja asubuhi tatu. Nikapanda mpaka punje ya mwisho. Asubuhi ya nne likatoka jua, na likakaa. Mahindi yalifika urefu wa kidole, yakalala. Wazee walisema mvua imesahau njia ya kwetu.

Kila msimu nilikuwa nikienda na punda hadi Nainokanoka, nikibadilisha mahindi kwa samli na rafiki yangu, mama mmoja wa Kimasai. Sasa punda alikula bure. Joto nalo likazidi, mbu wakaanza kuimba ndani ya nyumba. Nawaambia, tulicheka. Tulisema hawa wamepotea, kwao ni bondeni.

Binti yangu akaanza kutetemeka. Nikasema ni baridi ya ule ukungu, imemkaa mwilini. Nikamfunika mablanketi mawili, nikamweka karibu na moto, naye akazidi kuwaka. Niliogopa sana, jamani.

Ilikuwa siku ya mnada. Nikamwacha na baba yake, nikaenda Karatu kutafuta samli ya kumchua. Nilikuwa na njaa hata nikaona, kama ndotoni, mahindi mabichi yamesimama pande zote za barabara, yananipisha. Mwishoni mwa mahindi yale alikuwa amesimama, kweli kabisa, yule rafiki yangu wa Nainokanoka.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia. "Rafiki, hukuja. Nilifikiri umekufa."

"Sina cha kuleta. Nisaidie samli kidogo, mtoto ameshikwa na baridi."

"Anatetemeka, halafu anawaka, halafu jasho?"

"Ndiyo."

"Hiyo si baridi, ni homa ya mbu. Tukishusha ng'ombe bondeni, watoto wetu inawashika hivyohivyo. Toa blanketi. Mpeleke zahanati leo."

Akavua kibuyu begani. Ndani mlikuwa na mahindi niliyompelekea mimi mwenyewe msimu uliopita, ya mwisho aliyokuwa nayo. Alikuwa anayapeleka mashine yasagwe.

"Yamekaa juu ya moshi wangu, hayana mdudu," akasema. "Panda."

Nilikimbia. Mume wangu akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati, muuguzi akampa vidonge vichungu, na siku ya nne akaomba uji. Nililia juu ya sufuria.

Ukungu ukarudi asubuhi tatu, mzuri kama zamani. Nikapanda nusu ya kibuyu. Mama mkwe alisimama pembeni ya shamba akinitazama. Jua likaichukua ile nusu. Baadaye, wakati hatukuwa tumeona ukungu wowote, mvua ikanyesha usiku kucha, nikapanda iliyobaki. Hiyo ndiyo tuliyokula.

Namshukuru Mungu, na muuguzi yule, na mume wangu kwa mgongo wake. Na rafiki yangu, ambaye watoto wake walilala bila ugali ili mimi nipate mbegu. Ndugu zangu, ukungu upendeni, lakini msiukabidhi mbegu zote. Na mtoto akitetemeka, msimfunike mkangoja.

Msimu uliofuata, siku kadhaa baada ya asubuhi ya tatu ya ukungu, jua likiwaka tena, mtu alibisha hodi. Alikuwa mama mkwe, na bakuli tupu.

"Mwanangu," akasema, "zangu nimezipanda zote."

Nikamshushia kibuyu hiki, na mbegu nilizobakiza, kutoka juu ya moto.