Papa Alimasi na Kinu Alichokishtaki

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya kauri hapa chuoni Kasapa, Papa Alimasi Souleymane anastaafu. Aliingia akiwa muosha vyombo vya kioo. Anaondoka akiwa fundi ambaye hata maprofesa humpigia hodi kabla ya kugusa spektromita, mashine yetu ya kupima kwa mwanga. Lenzi huzifuta kwa kipande cha shati lake la harusi, na ukimletea kitambaa kingine anakutazama kama mwizi.

Kazi yake ni kupima unga wa zirkonia, madini meupe ya kauri, uliochomwa tanuruni. Mwanga wa kijani huingia hadi ndani ya chembe. Ule wa urujuani huishia kwenye ngozi ya chembe, yaani uso wake wa nje. Hivyo hujulikana kama moto umeibadilisha chembe nzima au juu tu. Sampuli alizoandaa zimewapa watu kumi na wawili udaktari.

Wa kumi na tatu alikuwa awe Keren, mwanafunzi wetu. Mwaka jana, siku tisa kabla ya kutetea tasnifu yake, familia yake ya mtaa wa Bel-Air ikiwa imekwisha kushona vitenge vya sherehe, kinu cha kusagia sampuli kilikuwa kinaoshwa. Papa Alimasi akapima sampuli moja bila kuisaga. Ngozi ya chembe ilikuwa shwari, haijabadilika. Akaisaga, akapima tena: imebadilika. Akarudia mara tano. Mabadiliko ambayo Keren aliyafanyia kazi miaka mitatu hayakuletwa na moto. Yaliletwa na mchi, mkononi mwa fundi wetu.

Aliniambia kwanza mimi, msaidizi wake. Nilimshauri anyamaze, nani angejua? Naandika haya kwa aibu. Akatoka kumtafuta Keren.

"Binti yangu, kosa iko yangu. Hapana moto, ni kinu."

Keren aliketi sakafuni. Utetezi ukaahirishwa, na kwa mwezi mzima hakumsalimu. Kila asubuhi Papa Alimasi alichota na kupima upya unga usiosagwa, hadi sampuli zote arobaini na sita zikaisha. Umeme ukikatika, alianza tena. Matokeo thelathini na manane ya zamani yakaanguka. Keren alitetea Aprili hii, kwa tasnifu fupi zaidi ambayo hakuna aliyeweza kuitikisa.

Kamati ya sherehe ya kumuaga iliniomba niiache habari hii, eti siku ya furaha haitaki madoa. Nilikubali upesi mno. Papa Alimasi aliposoma rasimu ya maneno haya, alinirudishia karatasi.

"Désiré, unaficha tena? Andika yote. Bale benye batakuya kushika kinu, bajue." Alitaka wale watakaokishika kinu baada yake wajue.

Papa Alimasi, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa siku ile moja. Nenda nyumbani Naviundu ukapumzike. Tunakuombea afya na maisha mema pamoja na mkeo, Mama Asha. Nimeandika yote, hata jina langu.

Désiré Katongo, fundi msaidizi wa maabara