Doreen Vlasek na Watoto Ishirini na Wawili Walioandikwa Wamehama

Ndugu waombolezaji, mimi ni Wendell Hruska, kitinda mimba wa familia, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu Doreen, naye angekuwapo angenisahihisha tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, shambani kwetu, maili sita kutoka hapa Marlow Bend, Iowa, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Emil na Libby Hruska. Alihitimu sekondari ya mji wetu Mei 1975, na Agosti 1978 akarudi shuleni hapohapo kama karani wa kumbukumbu za wanafunzi, kazi aliyoifanya miaka thelathini na tisa. Tarehe 7 Juni 1980 alifunga ndoa na Leland Vlasek, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, Paula na Craig.

Alipoanza kazi, majina yote daftarini yalifanana na yetu, lakini kufikia mwaka 2011 zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyama, kutoka Guatemala, Mexico na Laos, naye akajua kuyatamka majina yao kabla ya walimu. Juni mwaka huo walihitimu 98 kati ya 142, yaani asilimia sitini na tisa, shule ikawa hatarini kufungwa, mkuu wa shule akamwambia, "Doreen, hao ishirini na wawili walioacha masomo wakaingia kiwandani, andika wamehama, wasihesabiwe, tuiokoe shule." Dada akaandika. Asilimia ikapanda hadi themanini na mbili, tukasifiwa mji mzima, na walimu wawili waliowafundisha watoto hao Kiingereza wakaondolewa, eti shule iliyofaulu haihitaji msaada.

Siyafichi haya, kwa sababu yeye hakuyaficha. Oktoba, dukani, Petrona Tzoc, mama wa mmoja wa wale ishirini na wawili, alimwuliza bila hasira, "Bi Doreen, barua ya shule inasema Eusebio wangu amehama, mbona analala kwangu kila siku?" Dada aliacha toroli na vitu vyake hapohapo, akaenda nyumbani, akalia, maana alijua kwamba mtoto aliyeandikwa amehama hatafutwi na mtu.

Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, akanijibu kwamba watoto si maji. Aliyarudisha majina yote, akakiri kwa barua, akapewa onyo kali, alama za shule zikashuka tena, ingawa haikufungwa, na wapo humu ndani walioacha kumsalimia kanisani. Kwa miaka sita, kila Jumamosi, alibisha hodi kwa watoto wale akiwa na kolache zake, vile vimkate vitamu vya plamu, akawarudisha darasani kumi na watatu, wanane wakakataa kwa heshima. Eusebio alikuwa ameshaondoka mjini, na hata mama yake hajui aliko.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 9 Novemba, saa kumi jioni, na wiki ile ya mwisho kila aliyeingia chumbani aliulizwa kama Eusebio amepatikana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mtaa wa Cedar, wafanyakazi wenzake, na Petrona, aliyemlisha supu kwa mkono wake.

Lala kwa amani, dada. Eusebio bado hatujampata, nami sitaandika vinginevyo.