Rumaitha Kaitwa Ujerumani

Sogea basi, usikae mbali kama mkwe, maana hili si la kusemwa kwa makelele. Pale mjini Ibra, Jumatano asubuhi, soko la wanawake likishachanganya, nje yake ukutani pana benchi la mbao ambalo mwanamme hathubutu kulikalia, hata awe mumeo. Hilo la wale wanne, na mie nauza udi hapo ubavuni mwao. Bi Kaltham, jina lake la benchi Redio, taarifa ya habari huanzia kwake. Bi Ghalia, Mama Methali, methali anazo zote, pa kuzitia ndo hapajui. Tufool, mdogo wao, Profesa, alosomeshwa na simu. Na Bi Rumaitha, ambaye mpaka Jumatano iliyopita hakuwa na jina, sasa ndiye Pasipoti. Kila wiki mmoja huja na dele la kahawa akawamiminia wenziwe, na sharti lake mnalijua: kama hujakitikisa kikombe, unamiminiwa tena, ukikitikisa, ndo umetosheka. Leo zamu ya Rumaitha. Na Kaltham kesha kuapa moyoni, hatikisi. Atamimina huyo mpaka mkono umuume, ajue kuwa Ujerumani bado hajafika.

— Ngojeni niwasikilizishe tena, akasema Rumaitha.

— Mwenzangu, hata hizi tende zishaihifadhi kwa moyo, akasema Kaltham, akanyosha kikombe.

Keshabonyeza. Sauti ya mwanawe, Muatasim, ikatoka kwenye simu, watu wa soko zima wasikie: «Mama, njoo. Wallahi tumetafuta bebisita huku, hatupati. Viza tushaomba. Wewe ndo utakuwa bebisitarin wetu.»

— Mmemsikia? Mie! Bebisitarin!

— Mabruk, shoga! Ghalia akapiga kigelegele. Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka!

Loo, benchi likaangua kicheko, Tufool kahawa ikamtokea puani. Kaltham naye kacheka, tena kuwashinda wote. Mwenye wivu ndo anavyocheka, mdomo uko kwenye kicheko, jicho liko kwenye simu ya mwenziwe.

— Haya, cheo gani hicho? akauliza. Waziri?

— Wala si Kijerumani hasa, akasema Tufool, anajifuta. Kiingereza hicho, Wajerumani wamekichukua hivyo hivyo, kama sie tulivyochukua baiskeli. Mtu anayekaa na mtoto, wazazi wakitoka.

— Na hiyo «rin» ya mwisho?

— Kwao maneno yana dume na jike, Bi Kaltham. Mwanamme, bebisita. Mwanamke anatiwa mkia, bebisitarin.

— Ewaa! Rumaitha akajitengeza mtandio. Mie nimetiwa mkia.

— Hata mbuzi anao, akasema Kaltham. Mimina.

Rumaitha akamimina.

— Na yapo mengine si dume si jike, Tufool akaendelea, maana huyo ukimfungua humfungi. Hilo bebi lenyewe, la mtoto, ndo hivyo.

— Toba! Rumaitha akashika kifua, dele likamwinama mkononi. Mjukuu wangu? Muatasim kaniambia mwanamme!

— Neno, Bi Rumaitha. Si mtoto.

Kaltham kapata mlango, angeacha kuingia?

— Neno si ndo jina la kitu? Hujajiuliza kwa nini wanatafuta mtu wa kukaa naye? Wanamkalia mpaka ijulikane.

— Haba na haba hujaza kibaba, akaitikia Ghalia kwa huzuni, kama yuko matangani.

— Msimtishe mwenzenu, akasema Tufool. Lakini kweli, kule kila kazi ina masomo yake. Nimeona kwenye simu, hata wa kukata nywele za mbwa kasomea.

— Mie nimelea sita!

— Umelea umesimama, akasema Kaltham. Kule wanataka mtu wa kukaa. Na kukaa kwao si kwetu huku, unakaa unainuka, unaangalia wali. Kuna mtu wa serikali, anapita nyumba kwa nyumba, anachungulia dirishani. Akikukuta umesimama, unarudishwa Ibra siku hiyo hiyo.

— Nani kakwambia?

— Kwani mie naambiwa? Mie ndo naambia watu!

— Na nikitaka kusali?

— Unasali umekaa, kama mgonjwa.

— Na haja?

— Hapo ndo walipokwama wenyewe! Ndo maana wanatafuta hawapati!

Wee! Ghalia alijipiga mapaja mpaka buibui likamteremka. Tufool kalia machozi. Hata Rumaitha kacheka, lakini cheko lake fupi, halafu akaitazama simu, kama anaiuliza kitu. Kaltham kamwona. Akafurahi. Akanyosha kikombe.

— Mimina, Pasipoti.

— Leo una kiu gani wewe?

— Ya kwangu mwenyewe.

Sasa nikuambie kiu yenyewe, na usiitoe hapa. Kaltham ana mjukuu pia. Huyo hayuko Ujerumani, yuko Nizwa, kwa mwanawe Laith. Unatoka Ibra kwa gari, ukishapita Izki umefika, hata utamu wa tende haujakwisha mdomoni. Siku alipozaliwa yule mtoto, Kaltham alifunga kibunda: kanga mbili, mafuta ya nazi ya kumkanda mtoto, na vikofia alivyovishona mwenyewe. Akakiweka nyuma ya mlango, akasubiri kuitwa. Mkwe wake akaleta mtumishi kutoka nchi za watu, mwanamke wa watu hajui hata kumwimbia mtoto kwa lugha yake. Kibunda kipo nyuma ya mlango mpaka hivi leo, na mtoto keshaanza kutambaa. Ndo hivyo. Unamsikia mwenzio kaitwa kutoka Ulaya, na wewe hujaitwa kutoka hapo tu. Ungetikisa kikombe wewe?

Basi wanacheka hivyo, akatokea Ahlam sokoni, mfuko wa vitambaa begani. Huyu mke wa mwana wa Ghalia, bibi harusi mpya, kaletwa kutoka Jalan Bani Bu Ali. Kiswahili kajifunza kwa bibi yake, kinatoka nusu nusu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, kaa, akasema Rumaitha, naye hakungoja hata mtoto wa watu apate kuvuta pumzi. Hebu sikiliza hii.

Akabonyeza. Muatasim akasema tena yote: tumetafuta, hatupati, wewe ndo utakuwa bebisitarin wetu.

Ahlam kasikiliza vizuri, kichwa kainamisha upande. Kisha akauliza, bila ya ubaya wowote, kama mtu anayeuliza bei ya uzi:

— Kwani Kijerumani haina neno ya bibi?



Tufool akaishika simu yake alitafute, akamtazama Rumaitha, akairudisha mfukoni. Ghalia akatafuta methali, na leo, kwa mara ya kwanza tangu mie kumjua, hakuipata hata ya uongo. Rumaitha akaigeuza simu yake chini juu, akaifunika na kiganja, kama vile inamwona.

Hapo ndo Redio ilipotakiwa itangaze. Mlango wazi, kibao kimeandikwa karibu! Nami nasema, Kaltham alivuta pumzi ya kutangazia. Kisha ile pumzi ikamtoka yenyewe, sauti ikaja ndogo, hata mie nikadhani kasema mtu mwengine.

— Mie wangeniita hata ufagio, ningekwenda.

Ahlam akawatazama mmoja mmoja, masikini, hajui alichokivunja ni nini.

Rumaitha akalishika dele. Akaliinamisha juu ya kikombe cha Kaltham, likatoa tone, likatoa jengine, kisha hiliki tupu. Akalitikisa. Hakuna.

— Imekwisha, Kaltham. Haya, shoga yangu, tikisa kikombe.

Kaltham akakikamata kwa mikono miwili, akakituliza magotini, na hakukitikisa.